Chapa ya Nyumbu
Kijana mmoja hapa Nyarero alinitoza hela ya maana "kulinda" picha zangu za nyumbu wakivuka Mto Mara pale Kogatende. Alichofanya: akazima kitufe cha kulia cha kipanya kwenye tovuti yangu. Ukibofya, maandishi mekundu: Hairuhusiwi! Nikalala fofofo. Kesho yake nyumbu wangu wako kwenye tangazo la safari, wamepigwa skrinishoti, jina nililoandika pembeni limekatwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko upande wangu, sawa, ila mwizi hakuisoma. Mzee jirani, mfugaji, akashangaa: "Mwanangu, chapa uliipiga pembeni ya ng'ombe?" Siku hizi jina langu linapita katikati ya tumbo la nyumbu. Picha haziibwi tena. Hata mimi sizitaki.