Barua kwa Mheshimiwa Mshika Fungu, kuhusu mgeni aitwaye Tat

Mheshimiwa Mshika Fungu la Afya,

Shikamoo. Kwa umri huenda wewe ndiye ungeniamkia, lakini huku Ganze, Pwani, mwenye kiti kirefu ndiye mkubwa, nami sitaki kuanza kwa utovu wa adabu. Uniwie radhi pia kwa vumbi lililo kwenye karatasi. Mvua imetupa mgongo tena, silanga limekauka, na vumbi letu halibishi hodi.

Sitakuchosha kwa habari za njaa, maana hizo hukufikia kila mwaka zikiwa zimechapwa vizuri. Nimeleta jambo dogo zaidi, liitwalo Tat, ambalo hadubini ya shule haiwezi kulionyesha. Nilifundisha Baiolojia hadi nikastaafu, na huu ni mwaka wa 18 nameza dawa za Ukimwi, ARV, kila jioni. Kwa hiyo Tat namjua kwa chaki na kwa mwili.

Tat ni protini ya virusi vya Ukimwi, mnyororo wa asidi amino kati ya 86 na 101. Virusi vikishaingia kwenye seli ya kinga, hujishona ndani ya DNA yetu. Hapo, Mheshimiwa, ukiniruhusu mfano wa kishamba, mahindi ya mgeni yameshamiminwa kwenye kinu chetu. Mashine ya seli inayonakili jeni huanza kuyasaga, ikafika herufi kama 60 hivi, ikazimika kama mashine ya posho iliyotiwa dizeli chafu. Ingeendelea kuzimika hivyo, tungepona. Lakini nakala chache huponyoka, na ndani yake Tat huzaliwa.

Akishazaliwa, hushika kitanzi kilicho mwanzoni mwa kila nakala mpya, wataalamu hukiita TAR, kisha humvuta fundi wa seli yenyewe: jozi ya protini mbili, saiklini T1 na CDK9. Fundi huyo ni wetu, tumemlisha sisi. Hubandika fosfeti kwenye mkia wa mashine, nayo hunguruma bila kuzima hadi mwisho wa maandishi yote, herufi zaidi ya 9,000. Nakala zikizidi, Tat huzidi, naye akizidi, nakala huzidi tena. Wala hatulii alikofikia. Huvuja nje, akaingia seli za jirani zisizo na virusi na kuzichokoza. Naomba radhi kwa kutaja mgeni anayewatumikisha mafundi wa wenyeji bila ujira. Sikumkusudia mtu yeyote.

Kidonge tunachopewa kina dawa tatu. Tenofovir na lamivudine huzuia virusi kugeuza RNA yao kuwa DNA, na dolutegravir huzuia kujishona. Zote ni mabawabu wa mlangoni, hakuna inayomgusa Tat mwenyewe kwenye seli iliyokwisha kuingiliwa. Katika seli zilizolala fundi ni adimu, kinu kiko kimya, na virusi hukaa humo miaka na miaka. Siku seli ikiamshwa, Tat huamka nayo. Mabawabu wakiwapo, virusi vipya havipati pa kuingia. Wakiondoka, kwa watu wengi virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache.

Ndiyo maana nilishtuka Januari 2025, Marekani, mfadhili wetu, iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Ofisini, siku 90 ni muda wa kutafakari. Katika kliniki ninayokwenda tulizoea vidonge vya miezi mitatu, tukaanza kupewa vya mwezi, kisha tukaambiwa turudi wiki ijayo. Dada aliyeniambia aliniomba msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyevificha. Nauli ya boda kwenda na kurudi ni unga wa siku mbili.

Wapo wanaomtafutia Tat mwenyewe kufuli. Huko Florida, Susana Valente wa Scripps na wenzake wamejaribu kwenye panya kemikali iliyoigwa kutoka kwa sifongo wa baharini. Sisi wa Pwani tulifurahi kusikia bahari imechangia, ila sifongo huyo bado hajafika dukani.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu ambao sijui niuongezeje, naomba vidonge vya miezi mitatu virudi, na vinunuliwe kwa fedha yetu wenyewe, ili mfadhili akighairi sisi tusiamke na Tat. Mwaka 2001 kule Abuja viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Sisemi ahadi hiyo imesahaulika. Nasema tu imeshafikisha umri wa kuchukua kitambulisho.

Usijisumbue kunijibu kwa haraka, najua meza yako imejaa. Chupani vimebaki vidonge 11. Nimevihesabu mara mbili nisije nikamdanganya Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Ganze