Muheme Si wa Mapokezi Tu

Leo nasonya tangu alfajiri, na kikombe cha pili cha kahawa hapa Majengo, Dodoma, bado hakijanituliza.

Juzi nilikuwa kwenye mapokezi ya mkubwa mmoja. Kina mama wa Kigogo wamesimama juani tangu saa mbili, ngoma wamezibana mapajani, shanga shingoni. Mgeni akashuka garini, viganja vikaanza kazi. Hazikupita dakika kumi, mshereheshaji akasema asanteni kina mama, wakaondolewa, wakaenda kukaa nyuma ya hema kusubiri soda. Hakuna aliyeuliza wameimba nini! Mimi Kigogo nakisikia. Mama wa mbele alikuwa anaitania misafara ya magari: mnatutimulia vumbi namna hii, huko mnakokimbilia kumepikwa nini? Wimbo wa kuvunja mbavu, na waliotaniwa wakaupigia makofi bila kujua kuwa ni wao.

Kijana wa bodaboda hapa kwenye kahawa akanikatisha: "Mzee, muziki wa kijijini nani ataulipia?"

Mwanangu, kaa nikwambie. Muheme ni ngoma ya wanawake. Vyombo kama zeze na ilimba vilikuwa mikononi mwa wanaume, lakini muheme asili yake ni unyagoni, wanawake kwa wanawake, ambako binti alifundwa na shangazi zake kwa wimbo. Huyo unayemwona anaruka na ngoma yake ana shule ya maneno nyuma yake. Na sisi ni watu wa utani. Muulize Mhehe yeyote tunavyochambuana msibani.

Habari ya kulipwa, waangalie Zawose Queens. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliubeba muziki wa Kigogo akautembeza duniani, naye maskani yake yakawa Bagamoyo. Siku hizo wanawake wa ukoo walikuwa waitikiaji nyuma ya wanaume. Leo binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wamesimama mbele wenyewe, ilimba na zeze wanapiga, ngoma wanapiga, na mwaka 2024 wakatoa albamu yao *Maisha* kupitia Real World Records ya Uingereza. Wazungu wasiojua hata neno moja la Kigogo wananunua. Sisi tunaokielewa tunawapa soda.

Kinachoniuma zaidi ni vichekesho. Kila mchekeshaji akikosa la kusema anamwigiza Mgogo ombaomba, kwa lafudhi ya kutunga, na ukumbi unaanguka. Nani alishawaeleza habari za njaa ya Mtunya? Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalichukua nafaka yetu, ng'ombe wetu na wanaume wetu wabebe mizigo. Mvua nayo ikagoma, na mwaka 1919 nchi hii ilikuwa inazika watu wake. Waliobaki walitoka kwenda kuhemea, kutafuta chakula cha watoto. Kuhemea si kuomba. Basi kama ni kuchekesha, wachekeshe wenye habari yao. Wale kina mama wanajijua walivyo, wanajicheka na kuwacheka wengine, na ukimaliza kucheka unajikuta umewaheshimu.

Na mambo ya kuimba yamewajaa. Mji huu uliwafuata mlangoni. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, hadi Serikali ilipoanza kuhama kweli baada ya tamko la 2016, hadi tukaitwa jiji mwaka 2018, wao walikuwa palepale wakipalilia uwele. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Hao wote wanalala wapi? Kwenye mashamba yao! Mama jana alikuwa na shamba, leo ana kiwanja chenye namba na jirani mwenye geti asiyerudisha salamu. Mlenda aliokuwa akiuchuma bure sasa anaukuta hotelini, una bei na jina kwenye menyu. Mjukuu wake akiitwa kwa Kigogo mbele ya wenzake anajibu kwa Kiswahili, macho chini. Treni ya umeme inamletea wageni kutoka Dar kwa saa chache, nao wanauliza, "Hapa kuna nini cha kuona?"

Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo kila mwaka, tangu 2009, na nawapongeza kwa moyo wangu wote. Lakini siku chache za Julai hazitoshi jiji zima. Nataka bendi ya kina mama hawa Nyerere Square Jumamosi jioni, kipaza sauti kizuri, mtu wa kutafsiri papo hapo kwa Kiswahili, na malipo mkononi kama anavyolipwa msanii mwingine yeyote. Zanzibar Bi Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kundi la taarab la wanawake watupu, na watu wanakaa vitini kusikiliza. Sisi tunashindwa nini?

Juzi ile nilizunguka nyuma ya hema nikamwamkia yule mama. Nikamuuliza kama wana nyimbo nyingine za mjini. Akasema wanayo ya mwenye nyumba na kodi ya miezi sita, ila haijawahi kuombwa. Nikamwambia, mama, mimi naiomba. Akawageukia wenzake, wakacheka, soda zikawekwa chini, ngoma zikarudi mapajani.