Gari Lisilojua Kona

Fedheha iliyonipata Ijumaa iliyopita, saa ile jamaa walipokuwa wakitoka msikitini na kila mmoja akitafuta viatu vyake, bado inaniwasha moyoni, wala sioni dalili ya kupoa kwake maadamu watoto wa mtaa wanaiigiza kila jioni, mmoja akiwa gari, wa pili muuza madafu, na wa tatu mimi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, barabara yetu ya hapa Mombasa ikawa na utelezi, nami nilikuwa nimeketi ndani ya Suzuki Samurai niliyoiunda kwa fedha za kuungaunga ili ipande majabali ya Kasigau, kidevu juu kama liwali. Nilipofika konani nikazungusha usukani. Magurudumu ya mbele yakageuka kwa adabu kamili, walakini gari lenyewe halikugeuka. Lilikwenda moja kwa moja, bila ya haraka wala ghadhabu, kwa azma ya kiumbe aliyekwisha kata shauri, hata likapandisha gurudumu moja la nyuma kwenye baraza kavu ya duka, na pua yake ikatua katikati ya madafu.

"Ami," akasema mwenye madafu, "si tuliambiwa gari hili ni la mawe? Mbona limekuja kwangu?"

Nikatia gia ya nyuma niondoke kabla kicheko hakijakomaa. Chini kukatoka mlio mkavu ulionyamazisha hadhara yote, magurudumu ya nyuma yakashikana yasizunguke mbele wala nyuma, na mwisho wa yote wanaume wenye kanzu nyeupe walilinyanyua gari langu upande wa nyuma, wakalipakia juu ya mkokoteni uleule wa madafu, tukalivuta hadi gereji. Nauli ya mkokoteni nililipa, na madafu nililipa.

Sasa msomaji atauliza, gari hukataaje kona? Hapa naomba stahamala yake, kwa sababu jambo hili ni la ajabu kuliko fedheha yangu. Gari linapopinda, gurudumu la nje hukata duara kubwa na la ndani duara dogo, kwa hiyo haiwezekani yote mawili yazunguke sawasawa bila ya moja kuburuzwa. Fundi saa mmoja wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alilitatua jambo hilo katika miaka ya 1820, zama za magari ya mvuke, kwa kifaa ambacho mafundi wetu hukiita difu: gia kubwa iitwayo krauni hubeba ndani yake gia ndogo ambazo, njia ikinyooka, hutulia zisifanye kazi, na njia ikipinda huanza kuzunguka, zikilipunguzia gurudumu hili mzunguko na kulizidishia lile. Hikma hiyo ina ila moja. Difu hugawa nguvu sawa kwa sawa, na gurudumu likining'inia hewani, ambako hakuna kitu cha kulipinga, hupokea karibu na sifuri. Basi na mwenzake aliyekanyaga jabali hupewa sifuri ileile, gari likabaki linazungusha upepo. Ndiyo maana wapanda mawe huifunga difu. Mwenye mali hununua kifaa kinachoifunga kwa nguvu ya hewa na kuifungua kwa kubonyeza kitufe. Asiye na mali humwita fundi wa kuchomelea, gia ndogo zikaunganishwa pamoja, na tangu siku hiyo magurudumu mawili huwa gurudumu moja refu, hodari mlimani, kaidi mjini, na penye utelezi huisukuma pua ya gari iende moja kwa moja.

Wala kazi hii ya kupanda mawe si ya kasi, kama wadhanivyo wengi. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanzishwa Kenya mwaka 1989 kukusanya fedha za kuzungushia ua wa umeme milima ya Aberdare, humpa ushindi aliyefika vituo vyote kwa masafa mafupi kuliko wenzake. Katika Samurai, ukitia gia ya kwanza pamoja na ile nzito ya sanduku la pili, injini huzunguka kiasi cha mara 31 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ekseli ya Hilux yenye difu ya uwiano wa 4.1 huifikisha hesabu hiyo 34. Nilianza, hata hivyo, na injini: nilitoa ile ya lita 1.3, nikatia ya lita 1.6 ya Vitara. Ikachemka Mariakani. Mara tuliyofika Kasigau, mbuzi walisimama juu yetu wakitutazama hadi magharibi.

Nguvu ikishazidi, hutafuta pa kutokea. Ijumaa ile gurudumu moja liliteleza na jingine likashika baraza, na kwa kuwa difu yangu imechomelewa, nguvu yote ya injini ilipita katika mhimili mmoja wa gurudumu, hafushafti, ambayo nilikuwa nimeinunua mpya, ndani ya boksi lenye maandishi ya Kijapani. Fundi alipoichomoa alinionyesha mahali ilipokatika: chuma chema, asema, hujisokota meno yake kwanza, lakini hiki kilikatika mkato mmoja, chembe zake zikimetameta, na kipande kikaingia kati ya krauni na pinioni inayoizungusha. Kisha akachukua tupa. Chuma kilichopikwa barabara huiteleza tupa. Hiki kiliumwa, kikatoa unga.

Nikarudi dukani. "Mzee," akaniambia muuzaji bila ya kuinua uso, "hiyo ni ya kwendea sokoni, si ya milimani." Risiti yangu imeandikwa "spea", na chini yake kwa chapa, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi".

Hapo mzaha unanitoka. Mimi naliendesha gari langu kwa kiburi changu, na likiharibika hupata hasara ya madafu. Lakini kaunta hiyohiyo huuza breki na viungo vya usukani kwa matatu zinazobeba watoto wa skuli, na sijapata kusikia ofisa aliyeingia humo na tupa mkononi, ilhali mimi husimamishwa barabarani ili nipimwe matairi yangu yamejitokeza kiasi gani.

Mwenye ekseli nzima ya Hilux, ya difu ya inchi 8, na aniletee habari. Fedha nitalipa taslimu, ila nitakuja na tupa, na risiti ataiandika mbele yangu, kifaa kwa jina lake.