Hotuba Elekezi kwa Walimu wa Kiswahili Waliobakiza Wiki Chache Marekani

Mwenyekiti wa kikao, walimu wa Kiswahili mlioletwa Wisconsin na mpango wa Fulbright kwa mwaka mmoja wa masomo, na ninyi ndugu mliofuata pilau: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa, na kama sikuombwa ingefaa niombwe, nizungumzie namna ya kuzitumia vizuri wiki za mwisho ughaibuni. Katika mada hii sina mpinzani. Nilikuja hapa Madison kama ninyi, kufundisha maamkizi na ngeli kwa miezi tisa, nikaingia wiki zangu za mwisho enzi za simu za tochi, na mpaka leo bado nimo. Wenzangu walizimaliza upesi wakapanda ndege. Utafiti wao ukakatikia njiani.

Mwalimu anayekaribia kuondoka huponzwa kwanza na dhana kwamba bado anafundisha. Aprili ikiingia, wadogo zangu, darasa limekwisha, hata kama mtihani ni Mei. Yupo mwalimu humu ndani, simtaji jina, amevaa sweta la kijani. Wiki iliyopita alikaa ofisini hadi magharibi na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, yule anayetembea na vikadi alivyovifunga kwa mpira, kila ngeli na rangi yake. Kijana ameapa haondoki mpaka aseme “ng’ombe” sawasawa. Alipoipata akapiga meza kwa furaha, akairudia, akaenda nayo korido nzima hadi kwenye lifti, ng’ombe, ng’ombe, ng’ombe, na mwalimu nyuma yake anacheka kama aliyeshinda bahati nasibu. Nauliza kitaalamu: ng’ombe huyo ana kilo ngapi? Anaingia kwenye sanduku?

Maana elimu yangu yote imejengwa juu ya 23. Tiketi nyingi za kurudi kwetu zinaruhusu masanduku mawili, kila moja kilo 23. Basi kaa chini ugawe kilo 46 kwa ukoo mzima. Mama mzazi ana fungu lake. Mjomba aliyekukopesha nauli ya kwenda Dar kwenye usaili wa viza ana lake, na riba. Shangazi amechora unyayo wa binamu yako kwenye karatasi ya daftari, akaupiga picha na kuutuma saa tisa usiku, na chini ameandika “viatu imara, si kama vile vya mwaka juzi”, wakati mwaka juzi ulikuwa Morogoro. Shemeji anataka kompyuta mpakato, “hata iliyotumika.” Ukimaliza mgawanyo utakuta zako wewe zimebaki gramu. Hizo wekea mswaki.

Sasa tuingie kwenye blenda, ambako ndiko nilikobobea. Usinunue blenda. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Tanzania ni 230. Blenda ya hapa ukiichomeka Mbagala kwa adapta tupu itasaga nazi kwa kishindo, kisha itatoa moshi, na mama atakwambia kifaa kimepigwa kijicho na majirani. Adapta hubadilisha miguu ya plagi tu, volti inaziacha vilevile. Chaja ya kompyuta haina neno. Igeuze uisome mgongoni, kwa kawaida imeandikwa 100 hadi 240, hiyo inakula kotekote. Pasi, kikaangio, mashine ya kukausha nywele: waachieni wenyewe.

Nguo nunueni Goodwill, na asiwatishe mtu kwamba ni mitumba. Mtumba ni ule uliokwenda kwa meli ndani ya belo. Uliopanda ndege na mwalimu ni mali ya dukani. Koti la baridi usilipange sandukoni, livae, na chini yake vaa la mdogo wako. Mifukoni tia pawabenki, ambazo hata sheria za ndege zinataka ukae nazo mwenyewe zisiingie kwenye mzigo wa chini. Utashuka Dar umelowa jasho hadi soksi, na waliokuja kukupokea watasema umenenepa. Hapo safari imezaa matunda.

Picha. Januari mlijifungia ndani mkiogopa baridi, sasa theluji imeyeyuka mnahangaika. Nendeni nyuma ya maegesho ya supamaketi, kwenye kona ambako magreda yalisukumia theluji ya msimu mzima. Kuna kichuguu kimebaki, cheusi kwa masizi, na kitoroli cha kununulia kimezikwa humo nusu. Piga magoti, kamera itazame juu, kaza uso. Nyumbani wataona Alaska.

Kuna watakaowashauri mkakae ziwani. Wenyeji wa hapa, kwa heshima zote, wana lao jambo: tangu karne ya 19 wanaandika tarehe ambayo Ziwa Mendota limeganda na tarehe ambayo limefunguka. Hali ya hewa ikipata joto vinatoka viti vya chuma pale Memorial Union, vya kijani, vya manjano na vya rangi ya chungwa, na watu wazima wenye kazi zao wanakaa kutazama maji. Mwanza kuna maji mengi zaidi na hakuna aliyewahi kupanga viti. Jumamosi hao hao wanalizunguka jengo la Bunge la jimbo wakinunua vipande vya jibini mbichi ambavyo ukivitafuna vinalia menoni. Ndivyo ninavyoambiwa. Mimi Jumamosi huwa napima masanduku.

Na jirani yako mzee, aliyekufundisha kumwaga chumvi kwenye ngazi ili usiteleze, atabisha hodi na mkate wa ndizi akitaka mkae kidogo. Pokea mkate.

Makaratasi nayapitia mbio. Fomu za kodi zinawahusu na wageni, mwisho ni katikati ya Aprili. Viza ya J-1 inakupa siku 30 za kufungasha baada ya programu kwisha, na mtu wa Fulbright anatakiwa akakae kwao miaka miwili kabla ya kuomba baadhi ya viza nyingine. Kuhusu siku ya 31 sina la kusema, na naomba hilo liingie kwenye muhtasari.

Siku ya mwisho darasani wanafunzi watawapikia ugali. Utakuwa uji. Kunyweni. Watauliza, kwa ngeli zilizonyooka kabisa, “Mwalimu, barua zetu zitakufikia?” Mwalimu asiye na mafunzo hapo hupoteza saa nzima akifuta kamasi na kuandika anwani. Ninyi semeni Mungu akipenda, mkawahi foleni ya kupima masanduku.

Maswali? Sweta la kijani, shusha mkono. Unataka kuuliza mimi narudi lini, na hilo limo kwenye hotuba ijayo.

Tangazo dogo kabla ya pilau. Mwenye nafasi, hata ya kilo mbili, asitoke bila kuniona. Nina kifurushi cha mama, Tanga. Ni blenda tu. Na transfoma yake. Jumla kilo kumi na moja hivi.