Gari Lililofagiliwa

Jumamosi iliyopita, katika hadhara ya wazazi, walimu na wauza njugu waliokuwa wamejipenyeza langoni, gari tulilolijenga kwa karatasi lilifagiliwa. Sisemi kwamba lilishindwa, maana kushindwa ni desturi ya mashindano na muungwana hukupokea kwa tabasamu. Nasema lilifagiliwa kwa ufagio, na mama mmoja mwenye kusafisha shule, ambaye alipolikuta limejikunja chini ya ubao wa mteremko aliona ni wajibu wake kulisukumiza katika kizoleo cha bati pamoja na maganda ya njugu, kisha akaenda zake kwa utulivu wa mtu aliyetimiza amana. Mwenye kipaza sauti alikuwa angali akinadi, "Kikundi cha nne, leteni gari lenu lipimwe," nami, niliyetajwa katika barua ya mwalimu kuwa mlezi wa kikundi hicho, nilikuwa nimesimama kati ya watoto wanne wa gredi ya tano nikilitazama pipa.

"Mjomba, usiseme kitu," akaninong'oneza mpwa wangu, ambaye ndiye nahodha. "Wacha nikalitoe."

Kanuni zenyewe zilikuwa nyepesi. Kila kikundi kiunde gari kwa karatasi na katoni, gundi ikiruhusiwa, vijiti vya mishikaki vikiruhusiwa kuwa ekseli, na injini ya kila namna ikiharamishwa. Kisha gari liachiliwe juu ya ubao ulioegemezwa mezani, pasipo kusukumwa, na umbali litakaoufikia sakafuni ndio utakaohukumu. Sharti la mwisho, lililoandikwa kwa wino mzito, lilitaka vifaa vyote vitokane na taka za nyumbani, na hilo nitalirudia, kwa kuwa lingali limenikwama kooni.

Aghalabu watu hudhani gari la karatasi ni mchezo wa watoto, lakini hao hawajapata kuikabili karatasi yenyewe, ambayo kwa hakika ni kiumbe chenye tabia zake. Kiwandani, nyuzi za miti iliyosagwa humiminwa pamoja na maji mengi juu ya wavu unaokimbia, nazo, zikivutwa na mwendo ule, nyingi hulala zikielekea upande mmoja. Ndiyo sababu gazeti ukilichana upande huu hukutii kama uzi, na ukilichana upande wa pili huenda mrama. Na nyuzi hizo zikinywa unyevu hunenepa sana kuliko zinavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka zaidi kwa upande unaokingama na nyuzi, na ikiwa uso wake mmoja umelowa kuliko wa pili, hujikunja. Dawa yake yajulikana: ubandikapo matabaka, tabaka moja liwe na nyuzi za wima na la pili nyuzi za mlalo, mfano wa mbao za plaiwudi, ili kila moja limzuie mwenziwe asijipinde. Haya yote niliyafafanua kwa tafsili, kwa michoro na kwa ushahidi wa gazeti lililochanwa, usiku wa Ijumaa, magurudumu yakiwa yamekwisha kubandikwa tangu Jumatano kwa uji wa unga wa ngano, manila juu ya manila, nyuzi zote zikiangalia mtaa wa Pumwani.

Na siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa Julai, ambao katika mji huu wingu hushuka hata likakaribia kuketi juu ya mabati, na manyunyu hayanyeshi wala hayakatiki. Tulipotoka nyumbani magurudumu yalikuwa duara. Tulipofika ukumbini yalikuwa yamejipinda kama chapati za juzi.

Iko pia hikima ya uzito. Galileo alikwisha kutufundisha kwamba, hewa isipokuwapo, kizito na chepesi huanguka sawia. Lakini hewa ya ukumbi ule ilikuwapo, tena nyingi, na gari jepesi likikutana nayo halina ubavu wa kuipenya. Kwa hiyo tulilishindilia gari magazeti yaliyokandwa, uzito ukakaa katika bodi wala si katika magurudumu, maana gurudumu zito huila nguvu ya mteremko kwa kuzunguka tu, na kinachobaki cha kwenda mbele huwa haba. Kwa mizani ya elimu gari letu halikuwa na kasoro. Lilipoachiliwa liliteremka kwa haiba ya mheshimiwa anayewahi mazishi, hata lilipofika nusu ya ubao gurudumu la mbele la kulia likakwaruza, gari likazunguka taratibu mpaka likaelekea kule lilikotoka, likasita kidogo, na ndipo likaporomoka pembeni.

"Hili limesahau kitu nyumbani," akasema mtangazaji kwa huruma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ufagio ulikuja baada ya hapo.

Ili kumliwaza mpwa wangu nilimkumbusha kwamba taifa hili lina nasaba tukufu ya mbio za magari: kwamba Safari Rally ilianza 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwamba 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant waliishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kukimbizwa katika mashindano ya mwaka uliotangulia, yaani, kwa lugha ya soko letu la Gikomba, gari la mtumba. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama la Joginder nalo lilipata kufagiliwa.

Mkondo wa pili gari letu, likiwa na ganda la njugu ndani, lilikwenda hatua mbili. Mkondo wa tatu ulikwisha ilhali twatafuta gurudumu.

Sasa nalirudia sharti. Taka za nyumbani! Nyumba za Ziwani tunakoishi, zilizojengwa enzi za ukoloni kwa wafanyakazi Waafrika wa mji, hazikupata kuwa na nafasi ya kuweka kitu kisichotumika. Sukari twanunua robo, ikafungwa katika karatasi ambayo kesho yake huwashia jiko. Mafuta ya kupikia twapimiwa katika chupa yetu wenyewe. Maziwa yatoka katika mashine, nasi twaenda na kopo. Katoni ni taka ya mtu aliyenunua jokofu. Hata asili yake yashuhudia, kwani karatasi ile ya mawimbi ilipobuniwa Uingereza 1856 kazi yake ilikuwa kuwekwa ndani ya kofia ndefu za mabwana. Ilitubidi kwenda Gikomba, ambako katoni zina mwenyewe, zina vipimo na zina bei, na muuzaji akatuuliza kama twahama. Nauliza basi, bila mzaha: mtoto ambaye kwao hakutupwi kitu, amekosa nini hata alipishwe?

Gari lililoshinda lilitengenezwa kwa boksi la televisheni, likapakwa vanishi lisinywe unyevu, na magurudumu yake yalikuwa yamekatwa kwa usahihi ambao mkono wa gredi ya tano haujapata kuukaribia. Fundi wake alikuwamo ukumbini, akipiga makofi kuliko baba mtu. Mtaala wa Umilisi, ulioenezwa nchini kote 2019, wataka mtoto ajifunze kwa kutenda, nami naukubali kwa moyo mkunjufu. Lakini siku ile waliotenda walikuwa mafundi, na waliojifunza walikuwa wajomba. Nilipomweleza mwalimu shauri hili alinijibu kwa upole kwamba lengo ni kushiriki, akanipa karatasi ya kazi ya muhula ujao.

Muhula ujao wataunda mashua, kwa chupa za plastiki zilizokwisha kutumika, za lita mbili, zisizopungua sita kwa kila kikundi. Nimeshamwendea mwenye duka. Tupu anazo, ila asema bei imepanda tangu Jumatatu, kwa sababu wazazi wa darasa zima wamekwisha kupita.