Injini ya Sambusa

Mtu akinunua Toyota IST, amenunua gari. Akinunua gari la spoti, hata liwe la mitumba, hata viti viwe vimechanika, amefungua ofisi ya umma. Kila mwananchi ana haki ya kuingia, kuuliza, kutoa maoni na kuondoka bila kulipa chochote. Ofisi yangu niliifungua Dar es Salaam kwa Mazda RX-8 ya kijivu, na sina mpango wa kuifunga.

Kuchagua kulifanyika kisomi. Nissan Fairlady Z ilitoka mapema: viti viwili, na nyumbani tuna watoto ambao bado hawajaweza kujitegemea. Toyota MR-S nayo ni viti viwili, tena injini imekaa nyuma ya mgongo wa dereva, mahali ambapo familia ya Kitanzania huweka mkungu wa ndizi. Subaru Impreza WRX nilipomtajia mke wangu, alinikumbusha kuwa vijana wa mtaa wa pili wanayo, na mtaa mzima unajua wanarudi nyumbani saa ngapi. Ikabaki RX-8, kwa sababu ina milango minne. Ile ya nyuma ni midogo, bawaba zake ziko nyuma, na haifunguki mpaka ya mbele ifunguliwe kwanza, lakini ukihesabu unapata minne, na mimi nilihesabu mbele ya mashahidi.

Halafu kuna suala la cc. Ushuru wetu wa magari yaliyotumika huangalia umri wa gari na ukubwa wa injini, kwa hiyo hata bibi anayeuza maandazi anajua kuwa cc nyingi ni hasara. RX-8 ina cc 1,308. IST yenye injini ndogo ina 1,298. Nilimwambia mke wangu, kwa sauti ile ya kutaja bei ya sare za shule, kwamba tofauti ni cc kumi tu. Sikudanganya hata neno moja. Wajapani wenyewe, ambao wanajua walichokitengeneza, wakitaka kulitoza kodi gari hili huzidisha hizo cc kwa 1.5, lakini hayo ni mambo ya ndani ya Japani na si adabu kuyaingilia.

Kinachowafanya wazidishe ni kwamba ndani ya injini hii hakuna pistoni. Wazo ni la Mjerumani, Felix Wankel. Injini ya kwanza ya namna hiyo iliunguruma mwaka 1957 huko kwenye kampuni ya NSU. Mazda wakaichukua, wakaanza kuiuza kwenye Cosmo Sport mwaka 1967, wakang'ang'ania wakati karibu wenzao wote wamekwisha kata tamaa. Mwaka 1991 gari lao la 787B lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa, na kabla ya hapo hakuna kampuni ya Japani iliyokuwa imewahi kushinda. Hayo yote nilimweleza fundi wangu wa Ilala siku ya kwanza alipofungua boneti.

Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Sawa bosi. Silinda ngapi?"

"Hakuna silinda."

"Valvu?"

"Hakuna."

"Pistoni?"

"Nimekwambia hakuna."

Akafunga boneti taratibu, akafuta mikono kwenye ovaroli. "Kwa hiyo bosi, hapa umefikaje?"

Niliokota kipande cha boksi nikamchorea: kipande cha chuma cha pembe tatu, ubavu umetuna kidogo, kinazunguka ndani ya chumba. Viko viwili. Kila kikizunguka, kinavuta mafuta na hewa, kinabana, kinaunguza, kinatoa moshi. Alikitazama kile kipande cha boksi, akakigeuza, akawaita wenzake. "Jamani, si sambusa hii?" Nikakubali kuwa inafanana na sambusa. "Na inapikwa kwenye mafuta?" Hapo nikashindwa kubisha, kwa sababu kwenye kila ncha kuna kizibo chembamba kinachohitaji oili ili kisisagike, na injini yenyewe hujidondoshea oili humo ndani na kuiunguza. Imeundwa hivyo. Kabla ya jua kuzama gereji yote ilikuwa inaita gari langu Sambusa, na wiki iliyofuata muuza spea wa Gerezani, ambaye sijawahi kumuuzia wala kununua kwake kitu, alinipungia mkono akiniita Bosi Sambusa.

Hiyo oili ndiyo iliyoniletea rambirambi. Dar es Salaam ukisema gari lako linakula oili, watu wanavua kofia. Mimi natembea na galoni kwenye buti, napima kijiti kila ninapojaza mafuta mara mbili hivi, naongeza kidogo, nafunga. Kijana wa kituo cha mafuta alitazama chini ya gari. "Braza, linavuja?" Halivuji, nikamwambia, linakunywa. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya pampu ya jirani alishuka kwenye Mark II yake, akanishika bega na kuninong'oneza: "Mwanangu, liuze sasa hivi kabla wanunuzi hawajajua." Nilimshukuru. Shikamoo ya mzee hailipwi kwa mhadhara juu ya Wankel.

Nyumbani Tabata tunaishi wapangaji watatu, geti moja, magari yamepangwa mstari. Jirani yangu ana Noah ya kubeba wanafunzi na hutoka saa kumi na moja alfajiri. Gari langu linakuwa limemzibia. Mwenye gari la kawaida angeliwasha, akalisogeza, akalizima, akarudi kulala. RX-8 ukiliwasha likiwa baridi, ukalisogeza hatua chache na kulizima, petroli inabaki ndani, inalowesha plagi, inaosha ile oili inayosaidia kuziba, na ukirudi asubuhi utapiga stata mpaka betri ikuonee huruma. Ukishaliwasha ni lazima lipate moto ndipo ulizime. Na kuliacha linaunguruma uani wakati watu wamelala ni kutafuta kuhamishwa.

Basi ikawa kila alfajiri natoka nalo. Nimevaa msuli na fulana, nazunguka mtaa mdogo mdogo, macho kwenye mshale wa joto. Ukipanda, narudi.

Vijana wa ulinzi shirikishi walianza kuniona. Wana akili nzuri za upelelezi, nawapa hongera. Wakagundua kwamba mwenye gari la chini hutoka giza lingalipo, amevaa nguo za ndani ya nyumba, haendi mbali, hakawii, na harudi na kitu, hata mkate. Hitimisho likawa moja tu: nyumba ndogo, na iko karibu. Kilichobaki ni kujua ni mlango wa nani. Mitaa miwili hapo jirani wanaume wakaanza kuamka mapema kuliko kawaida.

Habari zilimfikia mke wangu dukani kwa Mangi, zikiletwa na mama mmoja kwa nia njema kabisa. Mke wangu alilipia sukari yake, akasema: "Ningekuwa na wasiwasi kama angekuwa anarudi na furaha."

Mjumbe hakuridhika na jibu hilo. Alikuja jioni, akakaa, akakataa chai mara ya kwanza kama inavyotakiwa, akaipokea mara ya pili. "Nimekuja kama mzazi," akasema. Nikamweleza kuhusu petroli, plagi, vizibo, mshale wa joto. Nilichora tena sambusa. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa upole mwingi, na alipoinuka kuondoka akanipigapiga mgongoni. "Kijana, hata mimi enzi zangu nilikuwa na maelezo ya kitaalamu."

Kuhusu mwendo kasi, ambao ndio watu wanaoniulizia zaidi, sina mengi. Injini ya gari langu inaruhusiwa kufika mizunguko 9,000 kwa dakika, na wenye magari haya hushauriana kuyapandisha huko juu mara mojamoja ili masizi yasigande ndani. Ni dawa. Lakini kwenye makazi ya watu sheria inasema kilomita 50 kwa saa, na gia ya kwanza peke yake ukiivuta mpaka mwisho inapita hapo. Maana yake, mjini nimeruhusiwa kutumia sehemu ya gia moja. Gia tano zilizobaki zilipanda meli kutoka Japani kuja kutembea. Jumapili moja, nikiwa nimepita Bunju na barabara iko tupu, nililipa gari dozi yake. Tochi ilikuwa kwenye kivuli cha mwembe.

"Afande, ilikuwa kwa ajili ya afya ya injini."

"Elfu thelathini," akasema akiandika, "kwa ajili ya afya yako."

Siku nyingine zote niko kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, ambako lita moja ya petroli inaisha ukiwa bado unatazama mgongo wa lori lilelile. Bodaboda husimama ubavuni. "Braza, inatembea ngapi hiyo?" Kabla sijajibu anajijibu mwenyewe: "Mia tatu!" Halafu anapenya kati ya vioo viwili na kupotea, mimi na mia tatu zangu tukimsindikiza kwa macho. Tuta likija navuka kwa mshazari, tairi moja moja, nikizuia njia zote mbili, kwa kuwa chini ya gari pana nafasi isiyofika sentimita 15. Makonda wa daladala wananifahamu. "Bosi, shuka ulibebe!"

Mama mkwe alikuja kwa ajili ya harusi ya binti yake wa mwisho. Nilikwenda kumpokea stendi ya Magufuli, Mbezi. Tulisalimiana vizuri, nikamwonyesha gari, akalizunguka lote akiwa na mfuko wake wa mchele. "Baba, mlango wangu uko wapi?" Mlango wa nyuma hauna kitasa cha nje, mpaka ufungue wa mbele ndipo ukione kimejificha ukingoni. Akasema basi atakaa mbele. Kuingia haikuwa kazi, maana ardhi inasaidia. Alipotulia na magoti yakamfika kifuani alitazama mbele kwa muda mrefu. "Huu ni mkao wa msibani. Nani amefariki?"

Kazi ilikuwa kutoka. Mkwe hamshiki mama mkwe mikono na kumvuta mbele za watu. Kuna mambo ambayo hata Le Mans hawajayapatia suluhisho. Nilisimama kando nikitazama ukuta mpaka mke wangu na wapangaji wenzetu wawili walipokuja na mbinu zao. Niliagizwa kwenda dukani wakati wa utekelezaji.

Sasa, gari hili nililipata kwa bei ambayo isingeninunulia hata Harrier iliyochoka. Kamati ya harusi haikutaka kusikia hesabu hizo. Kadi ya mchango niliyorudisha iliangaliwa pande zote mbili, na mweka hazina akanipigia simu kuniambia kwa staha kwamba huenda nimesahau sifuri. Nikaongeza nilichoweza. Kikao kilichofuata, nikiwa sipo, wajumbe walipitisha kwamba shemeji pia anatoa gari la maharusi, kwamba lilale nyumbani kwa baba mdogo wa bibi harusi huko Kimara ili wapambaji wawahi, na kwamba litaendeshwa na kijana mwenye suti nyeupe, ili picha zikae vizuri. Yule kijana nilimpa agizo moja tu: ukiwasha, usizime. Akasema, "Usijali, braza, nimeendesha mpaka Scania."

Siku yenyewe nilipanda bajaji. Tulikuwa tumekwama Riverside simu ilipoita. Alikuwa mama mkwe. Nyuma yake nilisikia tarumbeta zikirudia wimbo uleule, dalili kwamba msafara haujasogea. Kijana mwenye suti aliona maua yanapigwa na jua, akaliwasha gari, akalisogeza mpaka kivulini, akalizima.

"Baba, sambusa imegoma. Bibi harusi yuko ndani, shela imebanwa na mlango, na mchungaji amepiga simu mara mbili."

"Mama, mwambie akanyage mafuta mpaka mwisho, asiachie, ndipo apige stata."

"Kanyaga mpaka mwisho wewe!" nikamsikia akifokea suti nyeupe. "Usiachie! Piga! Nimesema usiachie!" Stata ikalia, ikalia, ikaanza kuchoka, ikalia tena, mpaka dereva wa bajaji naye akazima injini yake ili asikie vizuri. Kisha mngurumo, halafu tarumbeta zikanyamaza kwa mpigo. Petroli yote ile na oili iliyokuwa imelala ndani vilitoka kwa pamoja, moshi mweupe ukafunika gari, maua, wapambaji na nusu ya uwanja wa baba mdogo. Nilisikia watu wakikohoa. Halafu shangazi mmoja, simjui ni nani na Mungu ambariki, akapiga kigelegele, na wengine wote wakamfuata.

Jumanne mwenyekiti wa kamati alinipigia. Alianza na shukrani, akapitia hali ya hewa, mwishowe akafika alikokuwa anakwenda. Kuna harusi nyingine mwezi ujao, upande wa kwao. Gari wanalo tayari, Crown nyeupe. Alitaka tu kujua ule moshi peke yake nautoza shilingi ngapi.