Sifa za Alama Iliyopotea

Jumapili saa mbili asubuhi, kabla sijapiga mswaki, alama iliyopotea hubisha hodi kwangu mtaani Jericho, Nairobi. Haiji yenyewe, ina heshima zake, hutuma mjumbe. Wiki hii atakuwa mama anayepika chapati karibu na soko, wiki ijayo shangazi wa kijana mmoja wa Maringo, wiki nyingine mzee wa kanisa mwenye mpwa wa mwaka wa nne. Mtaani wananiita Profesa. Kazi yangu hasa ni uratibu wa programu katika idara ya sayansi ya chuo kikuu kimoja: napanga ratiba, naandikisha wanafunzi, nagawa zamu za maabara, nakusanya matokeo, na pale matokeo yanapokataa kukusanyika, naeleza kwa upole sababu zake. Uprofesa nilipewa na Jericho, bila maombi wala mahojiano.

Miaka yote ya kazi hii sijasikia mtu akiisema alama iliyopotea kwa wema. Wanafunzi huilaani, wazazi huililia, magazeti huifukua kila mahafali yakikaribia. Mimi ambaye nimekula mshahara mgongoni mwake naona ni utovu wa shukrani kuendelea kunyamaza. Lucian, Msiria aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimtungia nzi insha nzima ya kumsifu, na nzi hakuwa amemlipia hata kodi ya nyumba.

Tuitazame kwa karibu. Mwanafunzi amehudhuria vipindi, amefanya majaribio yenye alama 30 na mtihani wenye alama 70, ametia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria. Matokeo yanatoka. Masomo sita yana nambari. La saba lina kistari. Usidhani ni sifuri. Sifuri ina mwenyewe, unajua imetoka kwa nani na unaweza kwenda kugombana naye. Kistari hakina kwao. Tena ni safi kuliko alama zote, maana hakuna kistari kilichowahi kufeli mtihani.

Sisi watu wa sayansi tungepaswa kuwa wa kwanza kukiheshimu. Mendeleev alipopanga jedwali lake la elementi mwaka 1869 aliacha visanduku vitupu, na mwaka 1871 akaeleza tabia za elementi moja ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona, akasema itakaa chini ya alumini. Mwaka 1875 Mfaransa mmoja akaipata; ndiyo galiamu. Mendeleev akawa mkubwa kwa sababu ya kisanduku alichokiacha wazi, na alingoja miaka minne tu. Idara yetu ina kisanduku cha kalkulasi ambacho kimekaa wazi kwa muda mrefu kuliko huo, na hakuna aliyetuletea nishani.

Wanaoitukana hudhani alama hupotea kwa uzembe. Uzembe peke yake hauwezi. Mzembe huchoka mapema. Alama hupotea kwa ushirikiano. Mwanafunzi huanza kwa kukosa kujiandikisha kwa somo kwenye mtandao wa chuo kabla muda haujafungwa, kwa kuwa siku hiyo pesa ya bando ilinunua unga. Anafanya mtihani kama wenzake, msimamizi anakosa moyo wa kumtoa nje, karatasi inasahihishwa, na alama ikifika kwenye mfumo inakuta jina halipo. Inasimama mlangoni kama mgeni aliyekuja arusini bila kadi. Mwingine ameandika 7 iliyofanana na 1 katika nambari yake ya usajili, alama ikahamia kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa kwanza, na huyo sasa, huko alikojiendea, ana B ya kemia bila habari.

Kisha kuna masomo ya kuazima. Wanafunzi wetu hufundishwa hesabu na idara ya hesabu, na takwimu na watu wengine kabisa. Orodha ya alama hutoka huko ikiwa na wanafunzi wa idara nne waliochanganywa kama githeri, na kila idara hutakiwa kuchambua maharagwe yake. Mtaala ukibadilishwa, somo lile lile huvaa msimbo mpya, na aliyelisoma kwa msimbo wa zamani anakuwa amesoma kitu ambacho hakipo tena duniani.

Lakini bingwa wao wote ni karatasi iliyo mikononi mwa mhadhiri wa muda. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia karo kamili, na vyuo vingine vya umma vikaipenda biashara hiyo. Madarasa ya jioni na ya wikendi yakafurika, wahadhiri wa muda wakatafutwa kila pembe. Halafu mtihani wa kidato cha nne ukakazwa mwaka 2016, waliofikia alama za kuingia chuo wakapungua, kisima cha wanaojilipia kikakauka, na wahadhiri wakabaki na madai yao. Anayedai malipo ya mihula mitatu hana silaha ila zile karatasi zilizo kwenye buti la gari lake, pamoja na jeki na dumu la maji. Mimi simlaumu. Kila nikimpigia simu kuuliza alama, huniuliza habari za malipo, kila mmoja humpa mwenzake pole, tukaagana vizuri.

Hapo ndipo utaona sifa yake kubwa: pasipo alama iliyopotea, ofisi za chuo zisingejuana. Kijana wa Kayole hupanda matatu saa kumi na moja alfajiri kuuwahi msongamano wa Barabara ya Jogoo, akashuka mjini, akatembea hadi chuoni kuokoa nauli ya pili. Mimi humtuma kwa mhadhiri. Mhadhiri humtuma kwa idara ya hesabu, hesabu humtuma ofisi ya mitihani, mitihani humtuma fedha, ambako hugundulika kuwa mkopo wake wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, uliingia ila haukusomwa kwenye akaunti yake. Fedha humrudisha kwangu. Kufikia saa kumi jioni amezungumza na wasomi tisa, jambo ambalo hakuna kipeperushi cha chuo kilichomwahidi. Mhadhara wa watu mia mbili haukumjua. Kistari kimempa jina. Sasa hata askari wa lango humwita, "Wewe wa hesabu, bado?"

Jina la mtaa wetu pia linanipa mfano. Yeriko ya kwenye Biblia ilizungukwa siku sita, na siku ya saba ikazungukwa mara saba, kuta zikaanguka. Jengo letu limezungukwa na vijana kila siku ya kazi tangu nilipoajiriwa na halina hata ufa. Yoshua alikuwa na tarumbeta. Hawa wana barua.

Na barua zenyewe! Mwenye saiberi mmoja kule Buruburu ameihifadhi barua ya mfano kwenye kompyuta yake. Kwa mwenyekiti wa idara, kupitia kwa mratibu wa programu, kuhusu kadha wa kadha. Mteja akija, hubadilisha jina, nambari na somo, akachapisha nakala tatu. Nimezipokea nyingi hata nimelizoea kosa la tahajia lililo katika mstari wa tatu, na siku nilipoletewa barua isiyo na kosa hilo nilishtuka, nikashuku imeghushiwa. Hiyo ni riziki ya mtu, na ya mwenye mashine ya kutoa kopi, na ya anayeuza smoki nje ya lango. Ukiirejesha kila alama mahali pake kesho asubuhi, sijui utawapeleka wapi watu hawa.

Tena alama iliyopotea huwatunzia watu heshima. Huku Eastlands ukimaliza chuo, swali la kwanza ni kazi, na la pili ni kwa nini hujapata. Aliyefuzu anasimama uchi mbele ya maswali hayo mawili. Anayengoja alama ana nguo ya kujistiri. Wako wanaokwenda kila asubuhi maktaba ya Makadara, tawi la ile McMillan iliyofunguliwa mjini mwaka 1931 wakati Mwafrika hakuruhusiwa kuingia, wakaketi na daftari hadi jioni. Hakuna anayewauliza kitu. Wanangoja. Nimemwona mmoja wao akisoma kitabu kile kile cha fizikia kwa miezi mingi. Nadhani sasa anakijua kuliko aliyemfundisha. Najua pia kwamba nafasi moja ya kazi ya maabara ilimpita kwa sababu walitaka transkripti kamili, lakini katika insha ya sifa mambo kama hayo hupitwa haraka.

Ninalotaka kulieleza polepole ni la binti wa mama wa chapati. Yeye alipotelewa na thamodainamiki. Alikuja kwangu miaka miwili, kwanza kila wiki, baadaye kila mwezi, kila mara na faili ya plastiki ya bluu iliyopasuka kona. Alhamisi moja umeme ukapotea, kompyuta zikalala, nikaona nipange kabati la chuma la faili. Droo ya tatu hukwama. Mimi huifungua kwa goti na kisu cha siagi. Ndani mlikuwa na bahasha ya kaki ya somo jingine, na ndani ya bahasha vijitabu viwili vya majibu vilivyogandana kwa chai iliyomwagika zamani, kiasi kwamba aliyevihesabu alihesabu kimoja. Nilivibandua kwa rula. Cha chini kilikuwa chake. Mwandiko wake naujua, herufi zake huinama kama zinapanda mlima.

Nilipiga simu kabla sijafungua ukurasa, na alifika siku hiyo hiyo, viatu vikiwa na vumbi. Tukakifungua pamoja karibu na dirisha kwa kuwa umeme haukuwa umerudi. Kwenye jalada, kwa kalamu nyekundu: swali la kwanza 11, la pili 6, la tatu 5. Jumla 22. Majaribio yake yalikuwa kwenye faili, 16. Akajumlisha yeye kabla yangu, akatazama nje kidogo. Kupita ni 40.

"Mwalimu," akasema, "si ungeiacha tu huko ilikokuwa?"

Nilimweleza habari za kurudia somo, ada yake, na tarehe ya kujiandikisha. Aliandika kila kitu kwenye jalada la faili ya bluu, akanishukuru, akaondoka.

Jumapili saa mbili hodi ikapigwa. Mama yake alikuwa na chapati nne zilizofungwa kwa gazeti, bado moto, za shukrani kwa kuipata. Aliketi ukingoni mwa kiti asikae sana.

"Profesa, miaka miwili nimewaambia majirani na watu wa kanisa kwamba alama ya mtoto inatafutwa. Wananiuliza kila siku, wanaiombea. Sasa nitawaambia nini?"

Nilizipokea zile chapati kwa mikono miwili.

"Waambie, mama, bado tunaitafuta."